Bi Samahani na Vidole vya Fauzia

Fauzia Mohamedi Mbonde aliweza kubangua korosho huku anagombana na mtu, na katika mambo hayo mawili hakuna aliyewahi kumwona akishindwa. Hakuwa na haja ya kuitazama korosho. Aliiokota kwa mkono wa kushoto, akaigeuza kutafuta mgongo wake, akaigonga mara moja kwa kipande cha nondo, na ganda likaachia. Ndani ikatoka korosho nzima, haina hata mkwaruzo. Katika mia moja, zilizovunjika hazikufika tano, na hizo tano mwenyewe alisema zilikuwa na nia ya kuvunjika tangu zikiwa mtini.

Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba ya mama yake, katika kijiji cha Mikorosheni kilicho ndani kidogo kutoka Mitole. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Abiria wa mabasi ya kusini waliokula korosho zake pale stendi ya Nangurukuru ni wengi kuliko watu wote aliowahi kuwaona kwa macho yake, maana hakuzipeleka mwenyewe. Zilipelekwa na wachuuzi, nao waliwaapia abiria kwamba wamezibangua wao.

Ubanguaji ulikuwa umempa Fauzia vitu viwili vya kudumu. Cha kwanza ni kikohozi, kwa sababu korosho ikikaangwa mafuta ya ganda hudondokea motoni, na moshi wake ni mweusi, mzito, hauna huruma na kifua cha mtu. Cha pili ni vidole. Mafuta hayohayo ya ganda ni makali na hula ngozi. Wabanguaji hujipaka jivu mikononi kabla ya kuanza, lakini jivu hupunguza tu. Miaka thelathini na saba ni mingi kwa jivu lolote. Ncha za vidole vya Fauzia zilikuwa nyeusi na laini kama kitako cha chupa. Ile michoro ambayo kila binadamu amepewa na Mungu ili asifanane na mwenzake, yeye hakuwa nayo tena.

Hakuona upungufu wowote mpaka mwaka ule laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Alipanga foleni mara tatu. Kijana wa kusajili alimfuta vidole kwa kitambaa, akavipuliza, akamwambia akanawe, mwisho akamuuliza kama ana uhakika kwamba vidole hivyo ni vyake. Laini ikasajiliwa kwa jina la Abilahi, mumewe. Tangu hapo kila aliyemtumia Fauzia chochote kwa simu aliletewa jina la Abilahi, na kampuni ya simu ilimwandikia ujumbe wa kumtakia bwana huyo heri ya siku ya kuzaliwa.

"Si ni kitu kimoja?" alisema Abilahi. "Mume na mke."

"Basi kohoa wewe," alijibu Fauzia.

Ndiyo maana habari za kiwanda zilipofika, aliziangalia kwa jicho la peke yake. Kiwanda kipya cha kubangua korosho kilikuwa kinamaliziwa kujengwa kando ya barabara kuu, na humo korosho hazikaangwi. Zinapikwa kwa mvuke, halafu zinakatwa kwa mashine ndogo ya mkono na mguu. Hakuna moshi. Tena walitaka mtu mmoja kutoka Mikorosheni awe msimamizi wa chumba cha kubangulia, aandikwe, apewe koti na kitambulisho chenye jina lake mwenyewe. Fauzia hakumwambia mtu, lakini nafasi hiyo aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Mtendaji wa kijiji, Hussen, aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kufaa uwanja mkubwa kuliko ule aliokuwa nao.

"Ndugu wananchi, fursa imekuja mlangoni!" alisema. "Lakini wawekezaji wanasema wenyeji hatuna ujuzi. Kwa hiyo umeletwa mradi wa kutujengea uwezo. Mafunzo ya wiki nne. Asiye na cheti cha mafunzo haya, kiwandani atapaona kwa nje."

Devota, jirani na shoga wa Fauzia, Mmakonde aliyeolewa kijijini hapo zamani, alinyoosha mkono. "Mafunzo ya nini, mtendaji?"

"Ya kubangua korosho."

Wanawake wakatazamana, kisha wakatazama mikono yao.

"Na mwezi ujao," alisema Devota, mama wa watoto saba, "watatuletea wa kutufundisha kuzaa."

Watu walicheka mpaka Hussen akapiga meza. Lakini kujiandikisha walijiandikisha. Walikuwa thelathini: wabanguaji wanawake kumi na tisa, na vijana wa kiume kumi na mmoja ambao korosho waliijua kama inavyojulikana na mtu anayekula. Mbele ya vijana hao alikuwa Jafari, mtoto wa dada yake Hussen, mwenye miaka ishirini na saba, nywele za kunyoa kila wiki na viatu vyeupe ambavyo Mikorosheni hakuna aliyejua anavifanyaje viendelee kuwa vyeupe.

Mkufunzi aliitwa Dominick. Alitoka Dar es Salaam na kompyuta, maboksi mawili ya glavu, na mashine ndogo nyeusi ya mahudhurio ambayo aliipachika kwenye mlango wa darasa kwa uangalifu kama anayening'iniza picha ya marehemu baba yake. Kila mwanafunzi alitakiwa kuweka kidole gumba akiingia na akitoka. Majina yalikwisha kuingizwa ndani; Dominick alibonyeza jina, na kidole kikisomeka mara moja kiliunganishwa nalo. Mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi. Ikikutambua inasema, "Asante." Isipokutambua inasema, "Samahani. Jaribu tena."

Jafari aliweka kidole. "Asante," ilisema mashine.

Fauzia akaweka. "Samahani. Jaribu tena." Akajaribu tena. "Samahani. Jaribu tena." Akaweka cha shahada, cha kati, cha pete. Akaja Devota, naye akaombwa radhi. Wakaja wengine. Mpaka saa nne mashine ilikuwa imewaomba radhi wabanguaji wote kumi na tisa, na imewashukuru vijana wote kumi na mmoja. Kabla ya adhuhuri ilikwisha kupata jina: Bi Samahani.

"Mwalimu," alisema Fauzia, "mimi si umeniona?"

"Nimekuona, mama."

"Basi andika umeniona."

Dominick alionyesha kiganja kilicho wazi, kama mtu anayethibitisha kwamba hakuiba. "Mama, mimi siandiki. Mfumo ndio unaandika. Mfumo unasema hujafika."

Wakaingia darasani wale ambao hawajafika, wakakaa.

Somo la kwanza Dominick aliangaza ukutani picha kubwa ya korosho. "Hii," alisema, "ni korosho."

"Alhamdulillahi," alisema mwanamke mmoja wa nyuma, "leo tumeijua."

Dominick hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma mambo mengi kwa bidii, na mojawapo lilikuwa hili. Alieleza sehemu za korosho, na hatua sita za ubanguaji salama, ambazo kwenye kitabu chake zilikuwa na mishale. Siku ya vitendo aligawa glavu, akavaa zake, akakaa kwenye mashine ya kukatia na kukata korosho kumi mbele ya darasa. Zilitoka vipande ishirini na mbili. Wanawake waliinamisha vichwa kwa heshima, kama msibani.

"Glavu zinakuziba, mwalimu," alisema Fauzia kwa upole. "Korosho lazima uisikie mgongo wake ulipo. Mkono ndio unaoona."

"Ni kweli, mama, lakini mwongozo unataka glavu."

"Na mwongozo umewahi kubangua?"

Dominick alifikiri, akasema atauliza.

Mwisho wa wiki ya kwanza ripoti ilikwenda makao makuu ya mradi ikionyesha kwamba katika wanafunzi thelathini, kumi na tisa hawajawahi kukanyaga darasani. Wakubwa waliruka kwa hofu. Walikuwa wamewaahidi wafadhili wanawake wasiopungua kumi na watano, na mfumo ulionyesha mwanamke sifuri. Simu ya Dominick ikalia mfululizo. Jibu lililopatikana ni hili: mahudhurio ya kila siku yasamehewe, atakayetambuliwa na mashine siku ya kufunga mafunzo ndiye aliyehitimu, asiyetambuliwa hakuwepo. Dominick alilisoma darasani mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilishuka kidogo.

Hapo ndipo Devota alipokuja na habari kutoka zahanati. Muuguzi alimwambia kwamba ngozi ya kidole ni kama nyasi: ukiacha kuichoma inaota. Wiki mbili, tatu, bila mafuta ya korosho, na michoro itarudi, angalau kwa baadhi ya watu.

"Basi tuache," alisema Fauzia.

"Tuache nini?"

"Kubangua. Wote. Mpaka siku ya cheti."

Na Mikorosheni, kwa mara ya kwanza tangu mkorosho wa kwanza ulipopandwa huko, ikaacha kubangua korosho ili ipate cheti cha kubangua korosho.

Wanawake kumi na tisa walianza kutembea na mikono mbele, vidole vimepanuliwa, vinameremeta mafuta ya nazi. Hawakuosha sufuria, hawakushika jembe, hawakuokota kaa la moto. Aliyewakuta njiani akiwapa mkono walimpa kifundo cha mkono. Abilahi, aliyekuwa na miaka hamsini na mbili na hajawahi kusonga ugali, alijikuta jikoni.

"Umekuwa mwali wewe?" alimwuliza mkewe, macho yanamtoka machozi kwa moshi. "Nikuweke ndani kabisa, nikupigie na ngoma?"

"Geuza upande wa kulia, unaungua."

"Mwanaume mzima nasonga ugali kwa ajili ya kidole gumba!"

"Kidole gumba cha msimamizi," alisema Fauzia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Abilahi akageuza upande wa kulia.

Darasani, somo la vitendo lilipofika, wabanguaji wote walikaa pembeni, mikono imewekwa juu ya magoti kama inakauka, na wasiojua kubangua ndio waliobangua. Dominick aliandika kwenye ripoti yake kwamba wanawake wana mwamko mdogo wa kushiriki kwa vitendo, na akapendekeza wafanyiwe semina ya kujiamini.

Ijumaa ya wiki ya tatu Fauzia aliikaribia mashine, akakifuta kidole gumba cha kulia kwenye kanga, akakiweka taratibu. Bi Samahani alikaa kimya muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Samahani," ilisema. "Jaribu tena." Lakini Dominick aliyekuwa amesimama nyuma alisema, "Mama, imesoma nusu. Tazama, mstari ule umekuwa wa njano." Fauzia akarudi nyumbani anatembea kama aliyebeba yai.

Zikabaki siku sita. Barua ikafika kwa mtendaji: mgeni rasmi atakuja kutoka mkoani kufunga mafunzo, na kwenye meza zote ziwekwe korosho zilizobanguliwa hapohapo kijijini, nzima, zilizokaangwa vizuri. Hussen aliipokea kwa furaha na kumtuma mtu akazikusanye. Mtu akarudi na mfuko mtupu. Akatumwa Nangurukuru, kule wachuuzi wakamwuliza yeye kumetokea nini, maana wiki ya pili sasa wanauza maji na biskuti.

Hussen akawaita vijana wake kumi na mmoja. "Nyinyi mmefundishwa. Bangueni."

Walibangua asubuhi nzima, glavu mkononi, hatua zote sita. Saa saba alikuja kutazama akakuta beseni limejaa vipande vya kutia kwenye mboga.

Jioni hiyohiyo, kabla ya magharibi, alifika kwa Fauzia. Abilahi alimkaribisha kwenye mkeka huku anachambua mchele.

"Shemeji," alisema Hussen, na ile sauti ya uwanjani hakuja nayo, "niokoe. Debe mbili tu. Mgeni hawezi kuja kwenye kijiji cha korosho nikampa karanga."

Fauzia aliitazama mikono yake. Kwenye ncha ya kidole gumba cha kulia, ngozi mpya ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ukiiinamisha kwenye mwanga uliona vijistari vyembamba. Siku moja tu ya kazi ingevifuta.

"Nikibangua, Bi Samahani hanijui."

"Cheti tutakiangalia baadaye, shemeji. Nitakusemea."

"Kwa nani? Kwa mfumo?"

Hussen aliuangalia mchele wa Abilahi, na Fauzia alijua kwa nini. Kijiji kizima kilijua kwamba jina la msimamizi kwenye barua ya mapendekezo ya mtendaji lilikwisha kuandikwa, na halikuwa la mwanamke; lilikuwa la Jafari.

"Sigusi korosho hata moja," alisema Fauzia. "Lakini kaanga, geuza, gonga, hayo naweza kuyasema kwa mdomo. Niletee vijana wako kesho."

Kwa siku nne Fauzia alikaa kwenye kigoda, mikono imefungwa ndani ya kanga, na kuwafundisha vijana kumi na mmoja kwa kidevu. Glavu alizitupa mbali siku ya kwanza.

"Jafari, unaiogopa nini hiyo korosho, ni nyoka? Ishike! Mgongo uko huku. Gonga. Usiipige kama umeikuta na mkeo."

"Sina mke, mama."

"Kwa mkono huo hutampata. Gonga tena."

Siku ya kwanza zilikuwa vipande. Ya pili nusu kwa nusu. Siku ya tatu Jafari aligonga korosho, ganda likaachia, ikatoka nzima. Aliitazama kwenye kiganja, akaiweka kando ili isichanganyike na nyingine. Fauzia aliona, akajifanya hakuona.

Kitu kimoja kilimshinda: jivu. Kila asubuhi aliwaambia wajipake, na kila asubuhi walicheka. Jivu lilikuwa la bibi zao.

"Sisi tumepita darasani, mama," alisema Jafari. "Hata kwenye mwongozo hakuna jivu."

"Jafari, paka jivu. Mafuta hayo yanakula ngozi."

"Ngozi ya mwanaume ni ngumu."

"Mwache," alinong'ona Devota aliyekuwa amekuja kutazama. "Usimwambie tena. Huoni vidole vyake? Akiviunguza, siku ya kufunga ni yako."

Fauzia aliona vidole vyake. Ncha zilikuwa zimeanza kuwa za kahawia, na kwenye gumba palikuwa na malengelenge. Aliona pia, wazi kama mchana, yale aliyokuwa anayaona Devota. Zikagongwa korosho tatu.

"Jafari!" aliita. "Nimesema paka jivu, mjinga wewe! Wote!"

Wakacheka tena, wakaendelea. Dhamiri ya Fauzia ikamwacha akapumua.

Siku ya kufunga, korosho zilikuwa kwenye sahani kila meza, nzima, zina rangi ya dhahabu, na harufu yake ilifika barabarani. Mgeni rasmi alianza kula kabla ya wimbo wa taifa na hakuacha wakati wa hotuba zake mwenyewe. Kisha Dominick akaileta mashine mbele na kuiweka juu ya meza yenye kitambaa. Akaitwa wa kwanza kwenye orodha, Jafari, maana mfumo ulimjua kuliko wote.

Jafari alikuja na viatu vyeupe, akaweka kidole.

"Samahani," ilisema mashine. "Jaribu tena."

Watu wakadhani ni utani wa mitambo. Akajaribu tena. Akajaribu mkono wa kushoto. Kichwa kikaanza kumtoka jasho. Akaja kijana wa pili, wa tatu, wa nne. Bi Samahani aliwaomba radhi wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile ya adabu.

Hussen alimwinamia Dominick. "Hawa walikuwa wanatambuliwa tangu siku ya kwanza!"

"Ndiyo, mtendaji. Ila agizo linasema siku ya kufunga. Leo hawapo."

"Hawapo vipi? Yule pale!"

"Namwona," alisema Dominick kwa huzuni. "Mfumo ndio haumwoni."

Ikafika zamu ya wanawake. Fauzia aliinuka. Alikifuta kidole gumba kwenye kanga. Akakiweka. Bi Samahani akafikiri. Mgeni rasmi akasikika anatafuna.

"Asante," ilisema mashine, na kwenye kioo chake yakaja maandishi ya kijani: FAUZIA MOHAMEDI MBONDE.

Abilahi alipiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga goli la ushindi. Kati ya wale kumi na tisa walitambuliwa kumi na wanne. Devota hakutambuliwa, ilijulikana baadaye kwamba wiki ile ya pili alishindwa kujizuia, akabangua kikombe kimoja cha kula mwenyewe.

Mgeni rasmi aligawa vyeti, kisha akainua korosho moja juu. "Ndugu wananchi, haya ndiyo matunda ya mafunzo! Nataka kuwaona wahitimu waliobangua korosho hizi!"

Hussen alifungua mdomo. Wahitimu hawakuwa wamebangua, na waliobangua hawakuwa wahitimu. Akaelekeza mkono kwa wanawake, bila kumwangalia mtu. "Ndio hawa, mheshimiwa."

"Si sisi," alisema Fauzia. "Amebangua Jafari na wenzake."

"Jafari ni nani? Aje apewe cheti!"

"Hayupo, mheshimiwa," alisema Dominick.

Jafari, aliyekuwa amesimama hatua sita kutoka hapo, alificha mikono nyuma na kuinama. Mgeni rasmi alisema vijana wenye bidii wasikose siku muhimu kama hizi, akaondoka na korosho zilizobaki kwenye bahasha.

Usiku ule Fauzia alisoma cheti chake mpaka akakijua kwa moyo. Kilisema kwamba amejifunza hatua za awali za ubanguaji.

Kiwanda hakikuweza kumchukua Jafari ambaye mfumo haukumjua, kwa hiyo kikamchukua yeye, mhitimu wa kwanza kutambuliwa. Alipewa koti la bluu na kitambulisho. Aliambiwa achague wabanguaji thelathini, na wa kwanza aliowachagua ni Devota na Jafari, akaja kuhojiwa kwa nini wakati hawana cheti, akasema, "Wanajua." Wenye vyeti walikuwa kumi na wanne tu, kwa hiyo kiwanda kikakubali. Kazi ikaanza. Hakukuwa na moshi, ingawa mafuta ya ganda yalikuwa yaleyale. Kikohozi kilipungua hadi Abilahi akachelewa kuamka.

Mlangoni kwa chumba cha kubangulia ilikuwepo mashine ya mahudhurio, ndugu yake kabisa Bi Samahani. Baada ya wiki tatu meneja wa kiwanda, mtu mwembamba aliyeitwa Severini, alimwita Fauzia ofisini na kumwonyesha karatasi.

"Mama, kwa mujibu wa mfumo, wiki hii katika chumba chako amekuja kazini mtu mmoja tu. Wewe."

"Naona."

"Na chumba kimebangua tani tatu. Peke yako."

"Nimejitahidi," alisema Fauzia.

Severini hakucheka. Alieleza kwamba asiyetambuliwa halipwi, na kwamba suluhisho ni jepesi: wale waondolewe, waajiriwe wengine wenye vidole vinavyosomeka.

"Na hao baada ya wiki tatu?"

"Tutaajiri wengine."

Fauzia alijua kwamba hapo mtu mwenye akili hunyamaza. Yeye alikuwa anasomeka. Jina lake lilikuwa la kijani kila asubuhi, kwa sababu msimamizi anatembea, anaangalia, hagusi. Alikuwa ameyangoja hayo miaka thelathini na saba, na ilitosha kusema, "Sawa, bosi," akarudi kwenye kiti chake.

"Basi nitoe na mimi," alisema.

Alirudi chumbani, akavua koti, akakaa kwenye mashine iliyokuwa wazi karibu na Jafari, na akaanza kukata. Alikata siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, huku Severini bado anatafuta wa kuwabadili. Jafari alimsogezea kopo la jivu. Siku hizi yeye mwenyewe alikuwa analo. Fauzia alilisukuma kando. Asubuhi ya siku ya tisa alifika mlangoni, akaweka kidole chake gumba, akaombwa radhi kwa adabu.

Wiki ile karatasi ya Severini ilionyesha kwamba katika chumba cha kubangulia hakuja mtu yeyote, na ghala limejaa. Wenye kiwanda waliopiga simu walitaka kujua mambo mawili: nani anabangua, na kama inawezekana vyumba vingine navyo viendeshwe hivyohivyo bila watu. Severini alikata simu. Kisha akaja mwenyewe chumbani na ukurasa wa karatasi na kalamu, akaviweka mbele ya Fauzia, akamwambia kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake, kila siku, na yeye atatia sahihi.

Fauzia alijifuta mafuta kwenye kanga na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, akaacha alama nyeusi ya gumba pembeni mwa karatasi, laini, haina mstari hata mmoja.

Mashine ya mlangoni ilifunguliwa misumari na kuhamishiwa kwenye mlango wa ofisi, wanakoingia mhasibu, karani na meneja mwenyewe. Pale haijamkataa mtu.